TUAMBIWE KILICHOMO NDANI YA GUNIA

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tunafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shauri hili ni letu sote. Tunaibiwa, tena mchana.

Mimi nilinunua vifaranga 100. Juma la nne walikuwa hawajazidi njiwa. Nilirudi kwa mwenye duka. Hakutazama gunia lake hata kidogo. Aliniuzia pakiti ya unga, akasema ni vimeng'enya, nichanganye tu na kuku watanenepa. Nikachanganya. Kuku hawakunenepa, kilichokonda ni mfuko wangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Vimeng'enya si uongo. Mahindi na soya vina fosforasi, lakini kama theluthi mbili yake imefungwa, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua vema. Kimeng'enya kiitwacho faitesi, kilichoanza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, huifungua. Hiyo ni kazi ya haki. Lakini kimeng'enya ni kama ufunguo: hufungua sanduku, hakitii fedha ndani. Gunia lisilo na protini litabaki halina protini.

Kifaranga wa nyama, siku zake za kwanza, hutaka chakula chenye protini karibu sehemu 22 katika 100. Mahindi yana 8 au 9 tu. Zilizobaki lazima zitoke mahali: mashudu ya soya, mashudu ya alizeti, omena. Tena si protini yoyote tu. Mahindi na alizeti vina upungufu wa laisini. Soya na samaki ndivyo huujaza. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni, na dawa yake ni moto, si pakiti. Omena iliyoanikwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga wake kwa bei ya samaki. Na mjanja akitia mbolea ya urea, kipimo cha naitrojeni peke yake kitaonyesha protini nyingi, lakini kuku hataiona.

Mnakumbuka Farao aliwaagiza Waisraeli wafanye matofali bila kupewa majani, halafu wakapigwa kwa kuwa hesabu haikutimia. Mchanganyaji mdanganyifu hutufanyia vivyo hivyo. Humnyima kuku protini, kisha hutuambia hatujui kufuga.

Atajibu kwamba soya ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Basi aandike bei ya kweli na mali ya kweli, nasi tuamue wenyewe. Hatukuomba bei rahisi, tuliomba tusidanganywe.

Kwa hiyo nasema tufanye mambo matatu. Kwanza, asinunue mtu gunia lisiloandikwa protini ni kiasi gani na imetoka katika nini. Pili, wafugaji wa kila stesheni tununue pamoja, maana mwenye gunia moja hufukuzwa dukani, lakini mwenye magunia hamsini hupewa kiti. Tatu, kabla ya kulipa, tupeleke kiasi kidogo maabara, tuulize protini ya kweli na mchanga pia.

Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama ya kuku. Anayetuibia hapo ametuibia jasho la reli mara ya pili.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Fundi wa Reli