Kuigusa Elementi kwa Mkono: Lini Tuifundishe?

Wako walimu wa utungaji wa programu wanaomkabidhi mwanafunzi wa React chombo kiitwacho useRef tangu juma la kwanza, na wako wanaokificha hadi mwisho wa kozi kana kwamba ni haramu. Chombo hicho ni mpini wa kuishika elementi yenyewe iliyokwisha kuchorwa na kivinjari. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinamwonea mwanafunzi.

React, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, yamtaka mtungaji aeleze skrini iweje kwa kila hali ya data. Kuchora ni kazi yake yenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kuitafuta elementi na kuibadili maandishi huuona utaratibu huo kuwa ni mzunguko wa bure, na akipewa mpini mapema hurudia mazoea yake. Tuchukue, mathalani, ukurasa wa alama za mtihani. Data yasema 45, naye ameandika 54 juu ya elementi moja kwa moja. React hailinganishi mchoro wake mpya na kilichoko kwenye skrini, bali na mchoro wake uliotangulia. Madhali kwake 45 haijabadilika, haitasahihisha kitu. Mwalimu mkuu atasoma 54, na hifadhi itatunza 45. Mtoto wa watu aweza kuponzwa na tofauti hiyo.

Lakini kukataza kabisa nako hakufai. Kupima upana wa elementi au kuipeleka kibodi kwenye kisanduku fulani ni mambo yasiyoelezeka vema kwa hali peke yake. Na msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, hupotea kibodi isipopelekwa mahali pake.

Twapendekeza somo hili lifuate baada ya hali kuzoeleka, nalo lianze na mshangao. Mwanafunzi aanze na useRef yenye null, kisha aisome current wakati komponenti inachorwa mara ya kwanza: ataikuta null ile ile, maana elementi haijazaliwa. Aisome tena ndani ya useEffect, ataipata. (Vitabu vinavyofundisha findDOMNode, iliyoondolewa katika React 19 mwaka 2024, vitolewe darasani.) Katika mtihani, kila useRef iliyoshika elementi iambatane na sentensi moja ya kueleza kwa nini hali isingetosha, asiyeweza kuiandika akatwe alama, hata kama programu yake yaenda.