Mahindi Yapo, Uwezo Haupo

Kila ukame unapoingia tambarare za Same, hutokea mtu wa kutuambia kwamba dawa ya njaa ni soko huria: bei ikipanda, wafanyabiashara wataleta mahindi. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Mahindi huletwa kweli. Ukipita Hedaru, Makanya au Same mjini mwaka wa njaa, utayakuta madukani. Asiyeyapata ni yule ambaye shamba lake limekauka, kwa sababu shamba hilo ndilo lililokuwa mfuko wake wa fedha.

Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme mwaka wa neema mbuzi mmoja hununua magunia mawili ya mahindi. Vuli ikikosekana, kila mwenye mbuzi humpeleka mnadani. Mbuzi wamekonda, wauzaji ni wengi, bei inaanguka. Wakati huohuo bei ya gunia inapanda, na mbuzi yuleyule sasa hanunui hata nusu gunia. Hakuna aliyeiba wala kuvunja sheria, lakini kaya imefilisika. Mchumi Amartya Sen, akiandika mwaka 1981 juu ya njaa ya Bengal ya 1943, alionyesha jambo hilohilo: watu waweza kufa njaa na chakula kipo.

Wapo watakaosema nataka turudi enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji. La, hasha. Shirika hilo, lililoundwa mwaka 1968, lilizama katika madeni, na wakulima walicheleweshewa malipo yao. Lakini ruzuku ya sembe ilifutwa mwaka 1984, na mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Tulibomoa nyumba mbovu, tukalala nje. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, chini ya TASAF, ulizinduliwa mwaka 2012. Ni miaka 28 tangu ruzuku ile ifutwe!

Wengine husema fedha hizo huzaa uvivu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu huiona njaa mapema kuliko kiongozi: kwanza mtoto husinzia darasani saa nne, kisha hakosi kukosa shule siku ya mnada, mwishowe jina lake hufutwa daftarini. Niambie, ndugu msomaji, uvivu wa mtoto huyo uko wapi?

Ninachodai ni msaada kufika kwa wakati. Mvua zisiponyesha Novemba, njaa ya Februari imekwisha kujulikana. Fedha zifike kabla mbuzi hajauzwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka 2008, ufungue maghala bei inapoanza kupanda, si baada ya magazeti kupiga kelele. Anayepewa debe la mahindi baada ya kuuza mbuzi wake wote ameokolewa mwaka huu ili afe njaa mwakani.

Wazee wetu wa Upare walilijua hili. Walichimba ndiva, wakakinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi wakayafungulia mashambani kwa zamu. Zamu ilikuwa haki ya mtu, haikuwa hisani. Wala hawakungoja mahindi yanyauke ndipo washike majembe kuchimba. Serikali yenye maghala, vipimo vya mvua na orodha ya kaya maskini haina udhuru wa kuchelewa kuliko wao.