Mpira ukibanduka kwenye chuma, kosa li wapi?

UKIPITA gereji za Nakuru utaona rundo la bushi mbovu: chuma huku, mpira kule. Makanika hulaumu mashimo ya barabarani. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Chuma chenyewe hutoa ushahidi. Kikiwa kimebaki na vipande vya mpira uliochanika, gundi ilitimiza wajibu wake. Mpira ndio ulioshindwa. Kikitoka kitupu, kosa lilitendeka kiwandani kabla gari halijaona shimo lolote: hakikuoshwa mafuta, hakikukwaruzwa vyema, au kilishika kutu kikingoja kupakwa gundi. Na gundi ikibaki juu ya chuma ilhali mpira umetoka mzima, huenda iliiva kwa joto la kalibu kabla mpira haujaifikia.

Kwa mnunuzi, bushi hizi zote hufanana dukani. Tofauti hujitokeza katika mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, pale gari linapovuta upande mmoja dereva akikanyaga breki. Je, ni wauzaji wangapi wa vipuri ambao hukubali kupasua bushi moja kutoka kila shehena, wakatazama ndani?