Shuka, Ewe Rubani



Kuna safari mpya inayowapendeza vijana wetu wa Kolwezi, nayo haidai pasipoti wala nauli. Mwenye kompyuta yenye nguvu hufungua programu inayoiga urushaji wa ndege, akaketi kama rubani, akaruka juu ya Rio de Janeiro. Asiye nayo hutazama video za safari hizo katika simu ya rafiki. Ndege huingia kutoka baharini, huvuka ghuba ya Guanabara, hulizunguka jabali la Pão de Açúcar, kisha hupanda hadi Corcovado, mlima wa mita 710, ambako sanamu ya Kristo Mkombozi, iliyokamilika mwaka 1931, imeunyoshea mji mikono. Safari ikiisha, husikika neno: “Rio nimekwisha kuiona.”

Neno hilo silikubali.

Simlaumu kijana kwa kuburudika. Milima na bahari ni kazi ya Mungu, na mtoto wa Lualaba ambaye hajapata kuona bahari ana haki ya kuifurahia. Ninachokipinga ni imani kwamba kutazama kutoka juu ndiko kujua. Mandhari ile imejengwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Yaonekana mapaa ya Rocinha yaliyosongamana mlimani; haonekani mama anayepandisha mzigo wake hadi nyumba ya juu kabisa. Hapana anayelia humo, hapana anayekuomba kitu. Ni dunia isiyo na jirani.

Asiyesadiki na aigeuze ndege yake ije kwetu. Kolwezi nayo hupendeza ukiwa juu: ziwa Nzilo linang'aa, na machimbo ya shaba na kobalti yameshuka ngazi kwa ngazi katika udongo mwekundu. Lakini rubani hataambiwa kwamba kule Kasulo, baada ya kobalti kugunduliwa mwaka 2014, watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao na chini ya nyumba zao. Wala hataambiwa kwamba mwezi wa Juni 2019, katika machimbo ya KOV, udongo uliwafukia wachimbaji wa mikono wapatao 40. Ataona shimo, asione kaburi.

Jicho hilo la juu twalijua tangu zamani. Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, utajiri wa Katanga ulikuwa umekwisha kuchorwa katika ramani za wageni. Na katika ramani ya machimbo, kijiji ni nukta, na nukta huhamishwa kwa kalamu. Je, twataka watoto wetu wazitazame nchi za wenzao kwa jicho lile lile lililotudhulumu?

Takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu yake kubwa hutoka hapa Lualaba. Bila shaka wapo watu wa Rio ambao kila siku hushika mkononi simu yenye chembe ya udongo wetu, nao hawajapata kulisikia jina la Kolwezi. Hutuuma kutojulikana hivyo. Basi tusiwatendee wao yale yanayotuuma sisi.

Zakayo alipanda mkuyu apate kuona, wala Bwana hakumkemea kwa kupanda. Alimwambia ashuke upesi, kwa maana siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Wokovu ulimfikia akiwa chini, kati ya watu aliowanyang'anya, alipoahidi kuwarudishia.

Vijana, rukeni. Lakini kila mtuapo, tafuteni habari za mtaa mmoja mliopita juu yake: wakazi wake wanaishije, wanalilia nini. Kisha Jumamosi nendeni Kasulo kwa miguu, mkabishe hodi, mkaulize ni nyumba gani imefiwa na ni mtoto gani ameacha shule. Huko hamtaweza kusema kwamba mmekwisha kuona, mkaondoka.