KUTA ZA KUNDUCHI NI HATI YETU

Wakoloni walizoea kusema kuwa Mwafrika hakujua kujenga mji mpaka walipofika wao. Nendeni Kunduchi, Kinondoni, mkaone jibu. Magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo ya karne ya 18, yalikuwapo kabla Wajerumani hawajaweka kituo chao Dar es Salaam mwaka 1887. Nguzo hizo zilipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Nyingi zimebanduliwa, yamebaki matundu. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini sheria haina macho. Macho ni yetu. Abanduaye sahani au kung'oa jiwe akajengee msingi wake, anachana hati ya taifa. Tumzuie!