Muuaji naye aulizwe alikotoka

Makamanda, tuambiane ukweli. Akikamatwa mwenzetu mitandao yote inawaka: aachiwe, asikilizwe, haki itendeke. Akihukumiwa mtu wa Bunda kwa mauaji, sisi haohao tunaandika "anyongwe tu". Kumbe kusikilizwa ni haki ya wenye kadi ya chama?

Mimi nasoma sheria. Mwizi wa kuku akitiwa hatiani, hakimu anampa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Anaeleza watoto wake, ugonjwa, umaskini. Sasa njoo kwenye mauaji, Mahakama Kuu Kanda ya Musoma. Mahakama ikishaona mtu aliua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimeshamaliza kila kitu: kifo. Jaji hana cha kupima. Katika maisha yote ya huyo mtu, sheria inauliza mambo mawili tu: hajafika miaka 18? Ana mimba? Kama ni mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi mpaka siku aliyoshika panga, adhabu ni ileile. Kama ni kijana aliyekua akiona wakubwa wake wakilipiza wizi wa ng'ombe kwa damu, ileile.

Najua mtaniambia nini. Februari 2010 watu 17, watoto wakiwemo, waliuawa usiku mmoja pale Mgaranjabo, Musoma. Niwatetee waliofanya vile? Siwatetei hata kidogo. Ila kisasi kina mizizi, na mahakama isiyouliza historia ya mtu haiwezi kutuonyesha mizizi iko wapi ili tuikate kabla ya usiku mwingine kama ule.

Na tusidanganyane, nchi hii haijanyonga mtu tangu 1994. Magufuli mwenyewe alisema hadharani 2017 kwamba hatasaini. Yaani tunawaweka watu miaka na miaka wakisubiri kitanzi ambacho hakiji. Hiyo ni haki gani?

Serikali ya CCM inajua vizuri. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ilisema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki wenyewe kwenye mahakama hiyo! Kenya majaji waliikataa adhabu hiyo ya lazima Desemba 2017. Malawi ndio wamenifurahisha zaidi: watu walitumwa vijijini kuuliza ndugu na majirani mfungwa alikuaje, kesi zikarudi kwa majaji kupangiwa adhabu upya, na wafungwa zaidi ya 100 wakaachiwa.

Kila Oktoba viongozi wanamiminika Butiama kwa jina la Mwalimu. Gereza la Kiabakari liko wilaya hiyohiyo, kando ya barabara ya Musoma kwenda Bunda, na misafara inapita tu.

Kwa hiyo kikao kijacho cha Kanda ya Serengeti nataka tujadili kuingiza kifungu cha 197 kwenye ilani yetu. Anayepinga aje na hoja, tusikie.