AKITAKA KUNYONYA TENA, MPE ZIWA, SI UJI

Mama wa Mpanda, mtoto wako ana mwezi mmoja. Ananyonya, anaachia, na baada ya muda mfupi anataka tena. Majirani wanasema: "Maziwa yako hayatoshi. Mpe uji." Usikubali.

Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Maziwa ya mama huyeyuka upesi tumboni. Kwa hiyo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, au zaidi, usiku na mchana. Kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Ukimpa uji atanyonya kidogo, na hapo maziwa yatapungua kweli. Tena uji na maji yasiyo safi huleta kuharisha. Mpe maziwa yako tu mpaka atimize miezi 6.

Utajuaje kwamba anashiba? Baada ya wiki ya kwanza hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Uzito wake hupanda kwenye kadi ya kliniki. Kama haupandi, au amelegea, mpeleke zahanati upesi.

Nanyi akina baba wa Katavi, mama hawezi kulima mpunga, kuteka maji, kutafuta kuni, na bado akanyonyesha kutwa. Shikeni ndoo. Kulea mtoto ni kazi ya wote wawili.